Rubani Si Mwenye Chombo

Mabaharia wa mwambao wanamjua rubani. Chombo si chake, wala shehena si yake. Ujuzi wake ni wa mlango wa bandari: anajua mwamba ulipo, na maji yakipwa pa kupita ni wapi. Huitwa ili akivushe chombo mahali pa hatari, kisha ateremke. Rubani anayeng'ang'ania usukani hata baada ya mwamba kupitwa, huyo ameisahau kazi aliyoitiwa.

Ulezi wa kiroho katika Ukristo ni urubani wa namna hiyo. Katekista, mzee wa kanisa, mama wa ubatizo au padri anapokabidhiwa mtu amwongoze katika sala na mwenendo, hakabidhiwi mali. Mwenye chombo yupo. Neno hili ni jepesi kulinena na zito kulitenda, kwani anayelea hupenda, na anayependa huingiwa na tamaa ya kumiliki.

Katika Matendo ya Mitume yumo mtu wa kisiwani ambaye maisha yake ni funzo la jambo hili. Jina lake ni Yusufu, Mlawi, asili yake Kipro, kisiwa ambacho leo huitwa Saiprasi. Mitume walimwita Barnaba, yaani mwana wa faraja. Aliuza shamba lake na fedha akaiweka miguuni pao. Sauli alipofika Yerusalemu baada ya kuongoka, wanafunzi walimwogopa, maana walikuwa wameyaonja mateso yake. Barnaba ndiye aliyemchukua akampeleka kwa mitume. Baadaye, kazi ilipokua huko Antiokia, alifunga safari mpaka Tarso kumtafuta Sauli huyo huyo, wakafundisha pamoja mwaka mzima.

Msomaji makini ataona kwamba mwanzoni jina la Barnaba hulitangulia la Sauli. Lakini walipong'oa nanga Pafo, katika kisiwa cha Barnaba mwenyewe, mambo yaligeuka: msafara ukawa wa Paulo na wenziwe, na tangu hapo aghalabu Paulo ndiye anayetajwa kwanza. Aliyekuwa akiongozwa sasa anaongoza. Barnaba hakurudi nyumbani kununa, ingawa nyumbani kulikuwa karibu. Aliendelea na safari.

Huko Listra ulikuja mtihani mwingine. Kiwete alipotembea, umati ulimwita Barnaba Zeu na Paulo Herme, yakaletwa mafahali na mashada ili watolewe sadaka. Wahenga walinena, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wawili hawa walirarua mavazi yao na kuwakimbilia watu wakisema kuwa wao nao ni binadamu. Basi mlezi hapimwi kwa matusi pekee. Hupimwa zaidi kwa sifa. Anayelelewa, kwa wingi wa shukrani, aweza kumfanya mlezi wake mungu mdogo, asithubutu kuoa, kuhama wala kuchagua kazi bila idhini yake. Mlezi akinyamaza hapo, amekula sadaka isiyo yake.

Hata hivyo, unyenyekevu si unyonge. Paulo alipokataa kumchukua tena Yohana Marko, kijana aliyewaacha njiani Pamfilia, Barnaba hakukubali kumtupa. Walishindana hata wakaachana. Kila chombo kwa wimbile. Barnaba akatweka pamoja na Marko kwenda Kipro, na Matendo ya Mitume hayamtaji tena. Lakini katika waraka wa pili kwa Timotheo, Paulo anaagiza Marko aletwe kwake, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Mti alioupalilia Barnaba ulizaa, naye hayupo kusifiwa.

Wala hakuwa mtu asiyekosea. Waraka kwa Wagalatia wasimulia kwamba huko Antiokia alifuata mkumbo, akajitenga na meza ya Wakristo wasio Wayahudi; na aliyeliandika kosa hilo ni Paulo, yule yule ambaye zamani Barnaba alisimama kumtetea. Mlezi hana budi kuwa tayari hata kwa hili: kwamba ukweli aliomfundisha mwenziwe siku moja utarudi kumhukumu yeye.

Hutokea, visiwani na bara, katekista mzee kupiga magoti mbele ya padri kijana ili apokee komunyo. Mkono unaompa ndio ule aliouongoza zamani, paji la uso, kifua, bega hadi bega, kijana alipokuwa akijifunza ishara ya msalaba. Huenda moyoni mwake likapita neno la kutaka kukumbukwa. Akiliacha lipite, akaitikia amina kama waumini wengine, akarudi kitini pake, huyo amejua zamu yake ilianzia wapi na imekomea wapi.