Kuagiza si kupokea: usiku nilioisingizia kamera

Najua nimepotea kwa muda. Leo sileti habari za programu mpya, naleta aibu yangu. Hata hivyo, ndani yake mna somo kwa yeyote anayeandika programu ya kuendesha kitu kilicho mbali na macho yake, awe na darubini au asiwe nayo.

Jumamosi tarehe 24 Mei 2025 nilikuwa nyumbani kwetu karibu na Makindu. Mwezi ulikuwa umebakiza siku tatu hivi kufa, na haungechomoza mpaka usiku wa manane upite. Giza lilikuwa zuri, la aina ambayo sisi wa Nairobi tumeisahau. Binamu yangu, aliyekuwa kidato cha tatu, alitakiwa kupeleka kwenye klabu ya sayansi ya shule picha ya angani aliyoipiga mwenyewe. Tukachagua Omega Centauri. Kwa macho utadhani ni nyota moja yenye ukungu, kumbe ni kundi la nyota zipatazo milioni 10, umbali wa takriban miaka 17,000 ya nuru. Kwetu sisi tulio karibu na ikweta hupanda vizuri upande wa kusini. Usiku huo ilifika juu kabisa karibu saa nne kasorobo.

Darubini ni yangu. Kamera niliazima kwa rafiki niliyesoma naye chuo kikuu, na si kitu cha bei rahisi. Ina kihisi cha Sony IMX533, chenye pikseli 3008 kwa 3008. Nyuma ya kihisi kuna kipoza joto cha umeme. Kazi yake ni hii: kihisi chenye joto hujitengenezea elektroni hata kama hakuna mwanga unaoingia. Kelele hiyo huongezeka maradufu kila joto linapopanda kwa nyuzi 6 au 7 hivi. Ndiyo maana kihisi hupozwa, sisi tulipanga nyuzi 10 chini ya sifuri. Kisha hupigwa "picha za giza", yaani picha zilizopigwa kifuniko kikiwa kimefungwa, kwa joto lile lile na muda ule ule. Ukizitoa kwenye picha zako, kelele nyingi huondoka. Picha za giza nilikuwa nimeshazipiga Nairobi mwezi wa nne, binamu akinitazama.

Kamera za namna hii hazina kitufe wala kioo cha kutazamia. Kila kitu hupitia programu. Mimi natumia INDI, ambayo ni programu huria. Seva yake inakaa kwenye Raspberry Pi niliyoifunga kwenye mguu wa darubini, ikisikiliza kwenye mlango namba 7624. Kipakatalishi changu huwa mteja tu. Kila kifaa kina sifa zenye majina: CCD_EXPOSURE ni muda wa kupokea mwanga, CCD_TEMPERATURE ni joto la kihisi. Kila sifa ina hali yake, na ukifungua paneli kwenye KStars utaiona kama taa: kijivu maana yake haina shughuli, kijani ni tayari, njano bado inashughulika, nyekundu kuna tatizo.

Lakini mimi ni fundi wa programu bwana, paneli ya nini? Niliandika skripti yangu ya Python, mistari kama 40. Inaagiza joto liwe -10, inapiga picha 120 za sekunde 60, inazihifadhi kwa majina kama omega_-10C_001.fits, na mwisho inaandika "Imekamilika". Saa mbili usiku nikaianzisha nikiwa nimekaa ndani na chai yangu.

Binamu alitoka nje kuangalia, akarudi na swali. "Kaka, mbona leo kamera imenyamaza? Nairobi ilikuwa inavuma."

Nikamjibu kwamba nje kuna upepo, ndiyo maana haisikiki. Sikuinuka.

Asubuhi nilikuta faili zote 120, gigabaiti mbili na ushei. Nikazipunguzia picha za giza, nikaziunganisha. Kilichotokea kilikuwa kama mtu amemwaga mchele wa rangi: vidoa vyekundu, vya kijani na vya buluu kila mahali. Nyota zilikuwepo, ila zimezungukwa na takataka.

Hapo ndipo nilipokosea zaidi. Nilimwandikia rafiki yangu kwamba kamera yake ina hitilafu kwenye kihisi, na pengine aliijua kabla ya kuniazima. Akauliza jambo moja tu: "Waya wa umeme wa kipoza joto uliingia sawasawa?" Nikamjibu, "Bila shaka." Sikuwa nimeangalia. Nilijibu hivyo kwa sababu kila faili ilikuwa imeandikwa -10C, na jina hilo niliandika mimi mwenyewe.

Mchana binamu alikuwa anachezea faili moja. Hakuwa na programu ya picha, kwa hiyo aliifungua kwa programu ya kawaida ya kusomea maandishi. FITS ni muundo wa mwaka 1981, enzi za kanda za sumaku, na uzuri wake ni kwamba kichwa cha faili ni maandishi matupu: mistari ya herufi 80, katika mafungu ya baiti 2880. Akaniita.

"Kaka, hapa pameandikwa CCD-TEMP 27.3. Hiyo si joto?"

Nilihisi damu ikinipanda usoni. Nikafungua ya pili, ya kumi, ya mia. Joto lilianza nyuzi 27 na kushuka polepole hadi 22, kufuata baridi ya usiku. Kipoza joto hakikuwaka hata dakika moja. Kamera hupiga picha kwa umeme wa USB peke yake, lakini kipoza joto na feni yake huhitaji waya wa volti 12. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nikainama chini ya darubini. Waya ulikuwa umeingia nusu.

Sasa sikiliza, ndugu msomaji. INDI haikunidanganya. Ilipokea agizo langu, ikaweka sifa ile kwenye njano, na njano ikabaki usiku kucha. Kamera nayo iliandika joto halisi ndani ya kila faili. Binamu alisema feni haivumi. Mashahidi watatu walisema ukweli, na mwongo alikuwa skripti yangu, iliyoandika nilichoagiza kana kwamba ndicho kilichotokea.

Mwenye duka yeyote pale Makindu angenifunza hili. Mteja akisema "nimetuma", yeye hasogezi unga. Anangoja ujumbe wa M-Pesa uingie kwenye simu yake mwenyewe. Mimi nina shahada ya kompyuta na niliuachilia unga mara 120.

Nilimpigia rafiki yangu simu, sikuandika ujumbe. Nikamwambia nimemkosea, kwamba waya haukuingia, na kwamba nilimjibu bila kuangalia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "La kamera si kitu. Lakini uliniita mwizi." Sikuwa na la kujibu zaidi ya kuomba radhi tena.

Jumapili usiku tulifanya tulichoweza. Tulipiga picha za giza mpya bila kipoza joto, kihisi kikishuka toka nyuzi 27 hadi 22 kama jana yake. Kisha tulizipanga kwa joto lililo kwenye kichwa cha faili, kila kundi na lake. Vidoa vingi viliondoka. Picha si ya kutundika ukutani, lakini Omega Centauri ilionekana, nyota juu ya nyota. Binamu alipeleka zote mbili, mbovu na iliyookolewa, na chini yake akaandika joto la kweli.

Skripti nayo nimeiandika upya. Baada ya kuagiza, inangoja hali iwe kijani na joto lifike karibu na lililoombwa kwa nusu nyuzi. Dakika 15 zikipita bila hivyo, inasimama na kupiga kengele. Jina la faili linatoka kwenye CCD-TEMP, halitoki kwenye agizo langu.

Kama una skripti inayoendesha chochote, pampu ya maji, geti au kamera, ifungue leo. Tafuta mstari unaosema "Imekamilika", kisha jiulize: nani kaiambia?