Geuza Kiti Kabla ya Kulipa

Mimi ni seremala wa Tanga, na kazi niipendayo kuliko zote ni viti na mabenchi ya uani. Wateja wengi huanza kwa kuuliza aina ya mbao. Mimi huwauliza kwanza kiti kitasimama wapi: barazani penye paa, chini ya mwembe, au juu ya udongo mtupu?

Jua huchubua rangi na kuharibu uso wa mbao. Kinachoua kiti cha nje ni maji yanayoingia yasipate pa kutokea, na hayo huanzia miguuni. Mbao pale ilipokatwa kichwani hufyonza maji kutoka ardhini, ikaoza kwa ndani huku juu bado inang'aa. Kwa hiyo geuza kiti, utazame nyayo zake. Ziwe zimepakwa nta au rangi nzito, na ukifika nyumbani uziweke juu ya jiwe au zege. Mbao za kukalia nazo ziachiane nafasi ya milimita 6 hadi 8, mvua idondoke chini. Benchi lililofunikwa ubao mmoja mpana ni zuri dukani. Masika yakifika hugeuka beseni.

Kuhusu mbao, naiamini mitiki, kama ile ya shamba la Longuza kule Muheza. Ina mafuta yake yenyewe, haidai vanishi, na ikikaa juani hugeuka kijivu bila kupoteza nguvu. Lakini dai mbao ya moyo, yenye rangi ya kahawia. Ile nyeupe ya pembeni huoza upesi, hata kama muuzaji anaapa kuwa ni mtiki, na kweli ni mtiki! Mvule nao ni imara. Paina isiyotiwa dawa ibaki ndani ya nyumba.

Skrubu ziwe za shaba au chuma kisichoshika kutu. Upepo wa bahari una chumvi, na skrubu za kawaida hulegeza viungo mapema.

Halafu kuna watu wenyewe. Viti vya kisasa vya chini sana huwatesa wazee wetu. Mimi hupima kimo cha sentimita 43 hivi, lakini sikiamini kipimo peke yake. Mzee akija karakanani namkaribisha akae, kisha namwangalia anavyoinuka. Akitafuta pa kushika, kiti chake nakiwekea mikono, hata kama hakuiagiza.