Mfuko wa Pajama Ni wa Nini?

Wiki iliyopita niliwauliza wenzangu pale chumba cha habari wanalala wamevaa nini. Usicheke ndugu msomaji, mwandishi akikosa habari huanza kuwahoji wenzake. Jamaa wa michezo alisema bukta na jezi ya timu ambayo sitaitaja, maana nusu yenu mtaacha kusoma. Dada wa kurasa za biashara alisema dera. Mpigapicha wetu, mtoto wa Tanga, alijibu "msuli" huku akinitazama kana kwamba nimemuuliza kama huwa anakula. Wawili wakasema kwa joto hili la Dar es Salaam swali lenyewe ni uchokozi. Hakuna hata mmoja aliyesema pajama. Nilipoitaja mimi, pajama yenyewe hasa, yenye kola, vifungo vya mbele, mfuko kifuani na suruali ya kufunga kwa kamba, walicheka mpaka mlinzi akachungulia mlangoni.

Haya, wacheke. Mimi nimekulia nyumba yenye pajama. Baba yangu alikuwa mtumishi wa reli Tabora, pale reli ya kati inapogawanyika, moja ikielekea Kigoma na nyingine Mwanza. Nyumba yetu ilikuwa hatua chache tu kutoka stesheni, na katika maisha yangu yote sijawahi kumwona mzee yule akilala na kitu kingine. Alikuwa nazo tatu, zote za mistari, zote zimeshonwa na fundi yuleyule wa mjini. Moja imevaliwa, moja iko kwenye kamba, moja imepigwa pasi na kukunjwa kabatini. Ndiyo, alipiga pasi nguo ya kulalia. Majirani walijua, na wapo waliomwita Mwingereza.

Hilo la Uingereza ndilo lililonifanya nianze kuchimba, maana kazi yangu ni kuchimba hata kwa mambo yasiyolipwa. Pajama haikuanzia kwa Waingereza. Jina lenyewe ni Kiajemi, lugha ileile iliyotuletea bandari na serikali: "pai" ni mguu, "jama" ni vazi. Vazi la miguu, basi. Bara Hindi walivaa suruali hiyo pana ya kufungwa kiunoni kwa kamba, wanaume na wanawake, Waislamu na Masingasinga, na waliivaa mchana kweupe. Kule bado inavaliwa hivyo chini ya kurta, na hata mitaa ya Upanga na Kisutu utaiona siku za sherehe. Aliyeipeleka kitandani ni Mwingereza. Alifika India, akapikwa na joto, akatazama suruali yake ya kubana, akatazama ya jirani, akaona bora akili kuliko kiburi. Akaanza kuivaa akiwa nyumbani, ya kupumzikia na ya kulalia.

Kuna kamusi ya maneno ya Waingereza wa India iitwayo Hobson-Jobson, ya Henry Yule na A. C. Burnell, iliyochapishwa mwaka 1886. Pajama imo. Wanaeleza kwamba Wazungu waliichukua kwa Waislamu wa India, kisha wanaongeza kisa kilichonichekesha peke yangu ndani ya daladala. Zamani baadhi ya maduka ya London yaliuza pajama zilizoshonewa soksi kabisa chini. Mtu mmoja akamuuliza fundi wa mtaa wa Jermyn kwa nini zinashonwa hivyo. Fundi akajibu kwamba anavyodhani yeye ni kwa sababu ya mchwa. Mchwa! Mtu hajawahi kuuona mchwa, lakini mteja anasafiri kwenda nchi za joto, basi lazima kuna mdudu wa kulaumiwa. Wale wanaotuandikia ripoti kuhusu Afrika wakiwa Geneva watanielewa.

Kabla ya hapo mwanamume wa Uingereza alilala na shati refu, kitu kama kanzu fupi, miundi nje. Kufikia mwisho wa karne ya 19 pajama ilikwishaanza kulisukuma shati hilo pembeni, na katika karne ya 20 ikalishinda. Kwa nini? Wengine watakwambia ni joto, ni raha, ni mtindo. Mimi nina maoni yangu. Shati la kulalia ni nguo ya mtu ambaye hatarajii kuonekana. Pajama ina kola. Ina vifungo. Ina suruali. Ni nguo ya kulalia ambayo mtu anaweza kufungulia mlango.

Na ndivyo baba alivyoitumia. Treni haina adabu ya saa. Saa nane usiku mtu anagonga: behewa limeacha njia, treni ya mizigo imekwama, abiria anaumwa. Baba alitoka na taa, kola imekaa, anasikiliza, anaingiza mkono kwenye mfuko wa kifuani anatoa penseli na kipande cha karatasi, anaandika namba ya treni na saa. Nilikuwa mtoto nimejificha nyuma ya pazia, na niliamini kabisa kwamba duniani kote mfuko wa pajama umewekwa kwa ajili ya penseli. Siku moja nilimuuliza kwa nini asijifunge tu kikoi kama baba wa rafiki yangu. Akasema: "Mtu akikugongea usiku ana shida tayari, mwanangu. Usimwongezee na shida ya kushikilia macho yake."

(Watu wa pwani msinirukie. Msuli uliofungwa vizuri unafanya kazi hiyohiyo tena bila kifungo hata kimoja, na mtu anatoka nao mpaka barazani. Mzee wa watu alikuwa wa bara, na alikuwa na wasiwasi wake na lile fundo.)

Wanawake nao hawakukaa kando. Katika miaka ya 1920 na 1930 matajiri wa fukwe za kusini mwa Ufaransa walitembea na pajama za hariri mchana, Coco Chanel akiwa mmoja wa waliozipa jina. Mwaka 1960 Irene Galitzine akaleta Italia zile suruali pana za jioni, akazigeuza vazi la karamu. Lakini ukitaka kuona ninachokisema kuhusu kufungua mlango, tafuta sinema ya mwaka 1934 ya Frank Capra, It Happened One Night. Imebeba Oscar tano, na ni ya zamani kiasi kwamba rafiki zako watakuuliza kama luninga yako imeharibika rangi. Claudette Colbert na Clark Gable, hawajaoana, wanalazimika kulala chumba kimoja. Gable anatundika blanketi kwenye kamba katikati ya vitanda, kisha anampa binti pajama zake. Binti anazivaa, zinampwaya, na kuanzia hapo chumba kinakuwa na heshima. Ukuta ni blanketi na pajama. Ungempa binti vazi jingine lolote la kulalia la wakati ule, ingekuwa sinema nyingine.

Kwa hiyo sishangai kwamba nguo hii imekuwa ikitoroka kitandani kila mara, wala kwamba wakubwa wamekuwa wakiirudisha. Shanghai, kabla ya maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka 2010, watu wa kujitolea walizunguka mitaani kuwaambia wakazi wasitoke na pajama, wakati kwa wengi wao pajama safi ilikuwa dalili ya kuwa na maisha mazuri. Mwaka huohuo duka moja la Tesco huko Cardiff likabandika tangazo kukataa wateja waliovaa hivyo. Mwaka 2020 mji wa Suzhou, mkoa wa Anhui, ulitangaza hadharani picha za wakazi waliotoka na pajama, ukazomewa na nchi nzima mpaka ukaomba radhi. Miezi michache baadaye korona ikawafungia watu ndani, na nusu ya dunia ikafanya mikutano kwa kompyuta, shati juu, pajama chini.

Upande wa pili wa mistari ile upo pia. Sare za wafungwa katika kambi za Wanazi zilifanana na pajama, na riwaya ya John Boyne ya mwaka 2006 imepata jina lake kwa mtoto asiyeelewa anachokitazama. Mistari ileile, kola ileile mara nyingine. Tofauti ni nani amekuvalisha, na kama uliulizwa.

Nimeeleza yote haya kwa sababu mwezi wa nne baba alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia umelala, mguu unajikokota, maneno yanatoka moja moja. Sasa anakaa Kimara kwa dada yangu. Na ugomvi mkubwa wa nyumba ile haukuwa dawa wala pesa za mazoezi ya viungo. Ulikuwa pajama.

Hesabu mwenyewe: vifungo vitano na kamba moja, jioni na asubuhi, kwa mtu ambaye bega lake halisaidii. Dada akasema tumvalishe fulana pana na shuka, basi. Ana hoja. Aliponiona nainua mdomo kumtetea mzee akanikata: "Wewe unakuja Jumapili na matunda. Mimi ndiye ninayefunga vifungo." Nikanyamaza. Tukajaribu fulana na shuka wiki mbili. Baba hakulalamika hata neno. Ila wageni walipokuja kumpa pole, wazee wenzake wa reli waliopanda daladala mbili kumfuata, aligeukia ukutani akafumba macho. Walikaa, wakazungumza na sisi, wakaondoka wakidhani kalala. Hakuwa amelala. Mgeni wa tatu alipoondoka hivyo, dada mwenyewe ndiye aliyekwenda kufungua lile kabati.

Basi nikaenda Kariakoo, nikanunua mita tano za pamba ya mistari ya buluu na nyeupe, nikampelekea fundi mmoja mtu mzima wa Manzese pamoja na pajama moja ya zamani ya kuigiza. Nikamweleza. Vifungo abaki navyo, vishonwe juu vionekane, lakini chini yake kuwe na ile mikanda ya kunata kama ya viatu vya watoto. Kiunoni lastiki badala ya kamba, ila ncha za kamba zining'inie mbele. Fundi alielewa haraka kuliko nilivyotegemea. Alisema ana mama yake.

Tulichobishana ni mfuko. Nilikuwa nimemuuliza baba kama ana agizo lolote, akafikiri muda mrefu, akasema maneno mawili: "Mfuko. Kulia." Fundi akakataa. Mfuko wa kifuani hukaa kushoto, mdogo wangu, nguo zote alizoshona maisha yake ni kushoto, watu watadhani kakosea. Nikamweleza kwamba mkono unaofanya kazi sasa ni wa kushoto, na mkono wa kushoto hauingii vizuri mfuko wa kushoto. Akajaribu mwenyewe pale pale kwenye shati lake, mara mbili. Akachukua chaki akaweka alama.

Amesema Ijumaa. Fundi akisema Ijumaa mnajua wenyewe. Kwa mazoezi yake baba ameanza kuandika herufi kwa mkono wa kushoto, kubwa na za kupinda, namba anaziweza zaidi kuliko maneno. Penseli nimeshanunua, mbili, na kichongeo.