Baraka: mtumbwi wenye ziwa dogo ndani yake

Wiki hii tunawapeleka Baraka. Tulikwenda wamama watano wa chama chetu kununua ndagala wakavu kwa mfuko wetu wa pamoja. Ndagala tulipata, lakini tulirudi pia na habari nyingine, ambayo tunaona inamfaa kila mama mwenye mtumbwi, mwenye mtoto mvuvi, au mwenye kulaza watoto chini ya chandarua.

Kutoka Uvira mpaka Baraka ni karibu kilomita 90, ziwa mkono wa kushoto, milima mkono wa kuume. Wenye gari wanaihesabu njia hiyo kwa saa. Sisi tunaihesabu kwa mashimo. Makobola tulipita kimya, kila mama wa upande huu anajua kwa nini. Mboko tulinunua ndizi. Lusenda, penye kambi ya ndugu zetu wakimbizi wa Burundi, gari lilisimama muda mrefu na tukaongea na wamama waliokuwa wanauza mihogo kando ya njia. Mahali pengi maji ya ziwa yamepanda miaka hii, na unaona michikichi imesimama majini na kuta za nyumba ambazo wenyewe walizihama.

Baraka yenyewe inakaa kwenye ghuba. Ng'ambo yake ni rasi ya Ubwari, ndefu kama mkono ulionyooshwa, na jua la asubuhi linatokea nyuma yake. Ziwa Tanganyika lina mahali penye kina cha mita 1,470, lakini humu ghubani pwani ni ya majani na mchanga, na wavuvi wadogo wanaweza kutafuta riziki bila kwenda mbali sana. Ufukweni tulikuta ndagala wameanikwa, wengine juu ya vichanja, wengine chini. Wale wa chini ni bei rahisi, na meno yetu ndiyo yanayolipa mchanga wake.

Mama aliyetupokea ni mjane, ana mtumbwi mmoja wa mbao, na vijana wake wawili ndio wanaovua. Hawavui ndagala kwa taa. Hawana wavu wala moteri. Wanatega kamba ndefu ya ndoano kutafuta sangala, na singa wakipatikana. Samaki hawa ni wawindaji. Wanamfuata samaki mdogo anayechezacheza, na aliyekufa mara nyingi wanampita. Kwa hiyo kazi yote inasimama juu ya chambo hai.

Tatizo lilikuwa hapo. Chambo walikibeba ndani ya basini, maji kidogo, jua kali, samaki wamebanana. Kabla ya kufika mahali pa kutega, zaidi ya nusu wamegeuka tumbo juu. Basi wakawa wanakamata mara mbili ya hesabu waliyohitaji. Na nani alikuwa anakamata? Wadogo zao, alfajiri, wakikokota chandarua kwenye majani ya pwani. Msichana wa darasa la tano alikuwa anafika shuleni somo la kwanza limekwisha, nguo imelowa. Na chandarua kile kilitoka juu ya kitanda chao.

Tusijifanye hatuyajui mambo haya, wamama. Tumeviona vyandarua ziwani kutoka Kalundu mpaka Kalemie. Anayekivuta hafanyi hivyo kwa ubaya. Wavu wa dukani ni ghali na chandarua kiligawiwa bure. Lakini tundu zake ni ndogo, hakimwachi hata mtoto wa samaki. Na katika majani yale ya pwani ndimo watoto wa sangala wanamokulia kabla ya kwenda kwenye maji makubwa. Tunachambua chambo cha kumvua sangala, na ndani ya basini yumo sangala mwenyewe, urefu wa kidole.

Yule mama alituambia mabadiliko yalianza na pipa. Mtoto wake mkubwa alipata pipa la plastiki la bluu la lita 200, lililokuwa limebeba mafuta ya kula. Alilikata kwa urefu, kama mtu anayepasua papai, akabaki na nusu mbili. Nusu moja ikawa ndani ya mtumbwi, nusu ya pili mama anaoshea ndagala. Vijana wa ufukweni waliliita ziwa dogo, na jina limekaa.

Tuliomba atueleze polepole, na mmoja wetu akaandika.

Pipa linalazwa katikati ya mtumbwi, kati ya mbavu mbili, chini kadiri inavyowezekana. Halikai mbele, kwa sababu pua ya mtumbwi itazama, wala halikai upande mmoja. Linafungwa kwa kamba nene kwenye mbavu. Lita moja ya maji ni kilo moja; wao wanatia lita 60, maana yake wamepakia mtu mzima mwingine. Mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu karibu alidakia: maji ndani ya mtumbwi ni abiria asiyejua kukaa. Mtumbwi ukiinama kidogo, maji yote yanakimbilia upande uleule na kuuvuta zaidi. Ndiyo maana kijana aliweka vibao viwili vya kukingama ndani ya pipa, vyenye matundu. Maji yanapita, samaki pia, lakini wimbi haliwezi kujikusanya. Sisi tuliona hicho ndicho kitu cha akili kuliko vyote katika kazi ile, nacho hakikugharimu hata franka moja.

Kwenye ubavu wa pipa, pale anapotaka maji yaishie, alitoboa tundu na kupitisha kipande cha bomba la plastiki mpaka nje ya mtumbwi. Maji yakizidi yanatoka yenyewe. Tundu hilo lazima liwe juu kuliko maji ya ziwa yaliyo nje wakati mtumbwi umebeba watu wote. Likiwa chini, ziwa ndilo litakaloingia. Kwa hiyo walipakia kwanza watu na kamba, wakapiga alama ya maji kwenye mbao, ndipo wakatoboa.

Wako watu wanaotoboa chini ya mtumbwi wenyewe, wakazungushia chumba cha mbao, maji ya ziwa yakawa yanaingia na kutoka humo bila kazi ya mkono. Ni dawa nzuri kwa samaki. Lakini mbao za chumba hicho zikiachia njiani, mtumbwi umejaa. Mama yule alikataa, na sisi tungekataa pia.

Hewa ndiyo siri. Samaki anavuta hewa iliyomo ndani ya maji, na maji yakipata joto yanashika hewa kidogo. Tena samaki wanachafua maji yao wenyewe. Marekani, wavuvi wa mashua ndogo za aluminiyumu wanafunga sanduku kama hili na pampu inayotumia betri ya volti 12. Huku kwetu, mwenye betri ya taa za usiku anaweza kuongeza pampu ndogo. Wao hawana. Wana kopo la lita mbili lililotobolewa chini kwa msumari, limening'inizwa juu ya pipa. Kijana wa pili, ambaye kazi yake ni kukumba maji ya mtumbwi, kila baada ya muda anachota maji safi ya ziwa na kuyamimina ndani ya kopo. Yanashuka kama mvua, na mvua ile inaingiza hewa. Maji ya zamani yanatoka kwa bomba. Juu ya pipa wametandika gunia lililoloweshwa, kwa ajili ya jua.

Tulitoka nao saa kumi na moja asubuhi, wawili wetu tu, tukiwa tumevaa jaketi za kujiokoa ambazo tulizikodi kwa wenye boti za abiria. (Vijana wenyewe hawakuwa nazo. Tulisema neno letu, na tutalisema tena.) Chambo walikuwa samaki 40, unene wa kidole. Usiku walilala ndani ya tenga la matete lililofungwa pwani majini, wakahamishiwa pipani kwa bakuli, si kwa mkono mkavu, kwa sababu mkono mkavu unambandua samaki utelezi wake na anaugua. Tulipiga kasia karibu saa mbili. Walipofika mahali pao tukahesabu: watatu walikuwa wamekufa. Ndoano zilikuwa 30, na waliobaki walirudishwa ziwani wazima.

Sasa chambo kinakamatwa mara moja, jioni, baada ya shule. Hawatumii chandarua tena, wanatumia ndoano ndogo na minyoo, na chupa kubwa ya plastiki iliyokatwa shingo ikageuzwa ndani, yenye makombo ya ugali. Inachukua muda, lakini 40 siyo 100. Msichana tulimkuta anafanya hesabu zake za nyumbani juu ya mkeka, na chandarua kimerudi kitandani, kimeshonwa sehemu tatu kwa uzi mweusi.

Kuhusu chandarua, tuongeze neno moja. Mwenzetu alitaka kujua kama kipande cha zamani kingefaa kuziba mdomo wa bomba, samaki wasitoroke. Mtoto mkubwa alisema hapana, na ana haki. Dawa inayotiwa kwenye vyandarua kwa ajili ya mbu ni sumu kali kwa samaki, hata kidogo. Yeye alitumia kipande cha chujio la chai.

Kwa sababu hiyohiyo, wamama, chagueni pipa kwa macho. Lililobeba mafuta ya moteri, dawa ya shamba au dawa ya kupaka mbao, liacheni, hata likiuzwa nusu bei. Lililobeba mafuta ya kula lioshwe kwa maji ya moto na majivu, lisuuzwe mpaka harufu iishe, halafu likae na maji siku tatu, maji yakibadilishwa kila siku. Sabuni ya unga inabaki kwenye plastiki, haifai. Manjanja ya kukunja pia yasitumike, kwa sababu yanapata moto haraka juani na zinki yake inawadhuru samaki. Kabla ya siku ya kwanza ya kazi, wekeni samaki wawili ndani usiku mzima muone kama wataamka.

Mapato hatuyaandiki hapa, ni mambo ya nyumba ya mtu. Mama alisema tu kwamba sangala hawaji kila siku, kama zamani, ila safari za bure zimepungua, na ugomvi wa alfajiri nyumbani umekwisha.

Chama chetu kina mitumbwi miwili Kalundu. Pipa la kwanza tumeshalipata, la mafuta ya mawese, na liko kwa mwekahazina wetu siku ya pili ya maji. Kikundi kinachotaka kuja kutazama likikatwa, kifike Jumamosi baada ya soko, na msumeno kama kinao, kwa sababu wetu umekwisha meno.