Kutoka Kamina mpaka Ziwa Kisale: Ufalme Uliovunjwa na Ndugu

Juma lililopita hamkutuona sokoni, na wengine waliuliza kama tumehama. Hatukuhama. Chama kilitutuma watu watano kununua samaki wakavu upande wa Kinkondja. Samaki tumewaleta, na hesabu yao imekwisha kusomwa mbele ya mama mweka hazina. Leo tunaleta hesabu ya pili, ile ya mambo tuliyoyaona na kuyazungumza njiani.

Tulipanda treni hapa Kamina usiku. Tumezoea kuiona reli kama kitu cha tangu zamani, kumbe umri wake si mkubwa. Ilifika Bukama ikitoka upande wa Lubumbashi mwaka 1918, na mwaka 1928 ikafika Ilebo kwa kupitia hapa kwetu. Kabla ya hapo njia kubwa ya nchi hii ilikuwa maji. Pale Bukama tuliiacha treni, tukapanda mtumbwi mkubwa wa injini, tukakaa juu ya magunia ya chumvi pamoja na kuku na watoto wa watu, tukashuka na mto Lualaba.

Mbele kidogo mto unapotea ndani ya mafunjo. Pande zote ni maji, majani na ndege. Kuna mahali mafunjo yamejifunga pamoja mpaka yamekuwa visiwa vinavyoelea, na wavuvi wamejenga vibanda vyao juu yake. Hapo ndipo Ziwa Kisale.

Kati yetu alikuwemo mama mmoja mjane. Jina lake hatuliandiki, lakini ametupa ruhusa kusimulia habari yake. Mume wake alifariki bila kuacha karatasi yoyote. Ameacha parseli moja yenye nyumba, na watoto wa wamama wawili. Tangu kilio kiishe, kijana mkubwa wa huyu mama na kijana mkubwa wa mke mwenzake hawasalimiani. Wajomba wa huku wamemchangia huyu pesa za kesi, na wajomba wa kule wamefanya vilevile kwa yule. Mama alitueleza hayo ndani ya mtumbwi, macho yake yakiwa majini. Hatukujua la kumjibu.

Ufukoni mwa ziwa hilo kuna mahali panapoitwa Sanga. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba pale, na wengine wakaendelea miaka ya 1970. Walikuta makaburi zaidi ya 100, mengi yakiwa na umri wa miaka elfu moja hivi. Ndani mlikuwa na vyungu vizuri, majembe na visu vya chuma, vikuku vya shaba, hata simbi zilizotoka Bahari ya Hindi. Watoto wadogo nao walizikwa na vyungu vyao, vidogo kulingana na umri. Tulipomweleza hivyo, yule mama alisema, “Basi kuna mama aliyekaa akamfinyangia.” Tulinyamaza wote.

Watu hao wa samaki, chuma na chumvi ndio mizizi ya ufalme wa Baluba. Wazee wanasimulia kwamba mwanzo alitawala Nkongolo Mwamba, mtu mkali sana. Ikafika siku akaja mwindaji kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, akawaoa dada zake Nkongolo, Bulanda na Mabela. Bulanda akamzaa Kalala Ilunga. Kijana alipokua na kusifiwa na watu, mjomba wake akaona wivu, akamchimbia shimo lenye mikuki ndani. Mganga Mijibu wa Kalenga akamwonya kijana, akakimbilia kwa baba yake ng’ambo ya Lualaba. Alirudi na jeshi, Nkongolo akauawa, na Kalala Ilunga akawa Mulopwe. Angalieni, wamama: hadithi ya kwanza ya nchi yetu ni ugomvi wa ndani ya nyumba moja.

Ufalme ulikua kwa biashara na kwa kuoana. Misalaba midogo ya shaba ilitumika kama pesa. Machifu wa mbali walipokea viti na mafimbo ya heshima kutoka kwa Mulopwe, wakaleta ushuru. Ulipanuka sana wakati wa Ilunga Sungu, aliyefariki karibu mwaka 1810, na wa Kumwimbe Ngombe baada yake. Na kumbukumbu zake hazikuwa za kuandikwa kwa wino. Watu wa chama cha Mbudye walikuwa na lukasa, ubao mdogo wenye shanga na simbi. Mwenye kuijua aliishika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kuume, akataja wafalme, safari na mipaka.

Sisi wamama tulikuwa na nafasi kubwa humo. Mulopwe alipokufa, makao yake hayakubomolewa. Yaliitwa kitenta, na mwanamke aliyeitwa Mwadi alikaa pale, akiwa ndiye anayebeba roho ya marehemu, pamoja na wakubwa wa baraza lake. Mfalme mpya alijenga makao mengine, lakini alimpelekea Mwadi zawadi na kumwomba shauri. Mwadi akifa, mwanamke mwingine wa ukoo wake alishika nafasi hiyo. Kwa hiyo jina la mfalme lilikaa mikononi mwa mwanamke.

Sasa ilikuwaje nguvu hiyo ikaanguka? Shuleni tunafundisha habari za Charlemagne, jinsi wajukuu wake watatu walivyoigawana nchi yake mwaka 843. Watoto wanacheka na kusema wazungu hao walikuwa wajinga. Lakini kwetu pia hapakuwa na sheria imara ya kusema nani atafuata. Mfalme alikuwa na wake wengi kutoka koo nyingi, na kila mwana alikuwa na wajomba zake nyuma yake. Kila kifo cha Mulopwe kilifungua vita ya ndugu wa baba mmoja.

Zamani mmoja alishinda na nchi ikatulia. Ilunga Kabale alipofariki, karibu mwaka 1870, mambo yalikuwa yamebadilika, maana bunduki zilikuwa zimeingia. Kasongo Kalombo aliwashinda ndugu zake, lakini Mwingereza Verney Lovett Cameron alipofika kwake Kilemba mwaka 1874 alikuta wafanyabiashara wa pande zote mbili wamekwisha kufika: Juma Merikani aliyetoka pwani ya mashariki, na Alvez aliyetoka Angola. Walitaka pembe za ndovu na watumwa. Upande wa kusini Msiri wa Bunkeya alikuwa amekwisha kukata nchi za pembeni. Kasongo Kalombo alipokufa, ndugu wakashikana tena, na safari hii kila mmoja aliweza kutafuta msaada kwa mgeni. Wazungu wa Léopold walipofika waliukuta ufalme umepasuka. Majina ya pande mbili za ugomvi huo tunayatamka kila siku bila kufikiri: Kabongo na Kasongo Niembo. Leo ni maeneo mawili ya jimbo letu.

Hatusemi kwamba wageni hawana kosa. Walichukua mengi, na walichukua kwa nguvu. Tunasema tu kwamba walikuta mlango wazi, na waliofungua walinyonya maziwa ya nyumba moja.

Wakati wa kurudi, kati ya Bukama na Kamina, yule mama mjane alikaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza, “Kama ningekuwa Mwadi wa marehemu wangu, ningewaambia nini hawa vijana?” Hakuna aliyemjibu, maana aliyemjua marehemu ni yeye. Ni yeye na mke mwenzake.

Tulipofika Kamina hakupitia kwake kwanza. Alichukua samaki wawili wakubwa katika fungu lake, akaenda kwa mke mwenzake. Mambo hayajaisha, na karatasi za kesi bado ziko barazani. Lakini wamama hawa wawili wamekubaliana kukaa pamoja Jumamosi hii, vijana wakiwepo na wajomba wakibaki nyumbani, nao wametuomba watatu wetu tuwe mashahidi.

Wamama, nasi wengine tuna wanaume wazima nyumbani na parseli zisizo na maandishi. Tuwaombe waandike wangali hai, mbele ya watoto wote. Na jioni moja ya juma hili, kabla ya bukari kupakuliwa, tuwafundishe watoto wetu majina ya babu zao, wakiwemo watoto wa mama mwingine.