Kabla Hujanunua Fungu la Perege Wadogo

Leo naiacha kidogo migomba na kahawa, tuzungumze samaki. Utaniuliza: wewe bwana shamba, mambo ya bwana samaki yanakuhusu nini? Yananihusu kwa sababu nilishakosea, tena kosa lenyewe sikulifanya majini, nililifanya sokoni.

Nilikuwa nafuga kuku wa mayai kihambani. Chakula cha kuku kilipopanda bei, nikapata mtu wa kuniletea perege wadogo waliokaushwa kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu. Wengine hawakuzidi kidole. Nikawasaga, nikachanganya na pumba, kuku wakataga vizuri. Kwenye daftari langu ilikuwa faida tupu.

Mwaka 2016 Serikali ikalifunga bwawa kwa mwaka mmoja, maana uvuvi haramu ulikuwa umewamaliza samaki. Mama aliyekuwa akitupandishia samaki huku mlimani akapotea. Siku moja nikamkuta Mbuyuni anauza nyanya. Nikamsalimia, nikamuuliza biashara. Akanijibu taratibu: "Bwana shamba, wale wadogo mliokuwa mnawasaga ndio waliokuwa mtaji wangu." Sikuwa na la kusema.

Elewa jambo hili. Wavu wa macho madogo hauchagui. Kokoro likikokotwa huzoa mkubwa, mchanga, na hata perege jike aliyebeba mayai mdomoni, kwa kuwa ndivyo anavyolea. Ukimvua huyo, umevua na uzao wake wote.

Pwani yamewakuta hayo hayo kwa kamba. Meli kubwa zilizokokota nyavu upande wa Bagamoyo, Saadani na Rufiji zilifuata kamba, lakini wavu wa namna hiyo huzoa samaki wengine ambao mara nyingi huwazidi kamba kwa uzito mara kadhaa. Wengi wao ni wachanga, na kasa naye hunaswa. Kamba wenyewe walipopungua, Tanzania ikazisimamisha meli hizo mwishoni mwa miaka ya 2000. Wenzetu wa Kenya walizizuia Ghuba ya Ungwana mwaka 2006, baada ya malalamiko ya wavuvi wadogo. Baadaye ziliporuhusiwa kurudi ziliwekewa masharti: zivue mbali na ufuko, zipumzike msimu maalumu, na nyavu ziwe na kichujio cha vyuma chenye tundu la kumtoa kasa.

Sasa sikia lililonigusa zaidi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1989 inazuia kuingiza kamba waliovuliwa kwa namna inayodhuru kasa. Hapo anayeweka sharti ni mnunuzi, na nchi nyingi zimebadilisha nyavu zao ili zisipoteze soko lile. Kama mnunuzi wa mbali ana nguvu hiyo, wewe wa Kiboriloni je?

Kwa hiyo nakushauri hivi:

1. Kabla ya kutoa hela, uliza samaki wametoka wapi na wamevuliwa kwa wavu gani. Muuzaji akiulizwa na watu kumi, atamuuliza mvuvi.

2. Usinunue perege wachanga, hata kwa bei ya kutupa. Ukikutwa na samaki waliovuliwa kinyume cha sheria, unaweza kutiwa hatiani hata kama wavu hukuushika wewe.

3. Usichanganye mambo: dagaa wa Ziwa Victoria ni mdogo kwa asili, hata akikomaa. Perege wa kidole ni mtoto.

4. Kwa kuku, tumia mashudu ya alizeti, dagaa au funza.

5. Una maji ya mfereji ya uhakika? Fikiria bwawa la samaki. Ila ukiwa juu sana mlimani, baridi itawachelewesha kukua. Muone kwanza bwana samaki wa wilaya.

Sikufichi: nilipoacha wale perege, gharama ya chakula ilipanda, nikapunguza kuku. Iliniuma. Lakini bwawa lilipofunguliwa, yule mama alirudi na ndoo yake, na safari hii alinionyesha samaki wa kujaa kiganja. Nilinunua wawili tu. Ndio uwezo niliokuwa nao siku ile.

Kazi njema, na ukipita sokoni kesho, uliza.