Mwanafunzi, unataka nini, na kwa nani?

Wanafunzi wa chuo kikuu hapa kwetu wananiletea mara kwa mara kopi za maandiko yao ya msimamo, ili niyataje kwenye redio. Mengi yanahusu pesa za madini. Mimi nina dakika moja tu ya kuyaeleza, kwa hiyo natafuta kwanza jambo moja: mwandishi anataka nini, na kwa nani? Katika kurasa kumi na mbili, mara nyingi silioni.

Naona «serkali iangalie», naona «raia wanateseka». Ni kweli, lakini huo si msimamo, kwa sababu hakuna mtu wa kuupinga. Msimamo ni neno ambalo mtu mwenye akili anaweza kulikataa.

Tuchukue redevansi ya madini. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inaigawa hivi: asilimia 50 kwa serkali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo lenye utawala wake pale madini yanapochimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mwanafunzi anaandika: «Teritware yetu ipewe 15 yake.» Andiko limekufa hapo. Katiba, kifungu cha 3, inataja maeneo yenye utawala wake: mji, komine, sekta na usultani. Teritware haimo. Mkubwa wa ofisi atasahihisha neno hilo moja, kisha atafunga karatasi, hata kama kilio chenu ni cha haki.

Sasa aandike hivi: «Sekta yetu itangaze kila miezi mitatu pesa za redevansi ilizopokea na kazi zilizofanywa nazo.» Hapo mkubwa wa sekta anajulikana, na jibu lake ni ndiyo au hapana. Mimi pia naweza kulisoma kwa pumzi moja.

Baada ya hapo, ushahidi. Nenda kwenye kituo cha afya, uhesabu vitanda. Nenda shuleni, uhesabu watoto wanaokaa chini. Tenga uliyoyaona na uliyoyasikia, maana uvumi mmoja ukigunduliwa, hata hesabu yako ya kweli itatiliwa shaka.

Sehemu ambayo wengi wanairuka ni ya mpinzani. Mkubwa wa sekta ana sababu yake: akitangaza pesa, kila kijiji kitadai fungu lake, na ugomvi utaanza. Iandike sababu hiyo vizuri kama ambavyo yeye mwenyewe angeisema, bila kumcheka. Kisha umjibu: raia wanaona malori yakipita kila siku, na tayari wanapiga hesabu zao vichwani. Pesa iliyofichwa inakuwa kubwa mdomoni kuliko ilivyo katika sanduku. Tena, pesa zikitangazwa pamoja na mpango wa maendeleo wa sekta, kila kijiji kitajua zamu yake ni lini. Mpinzani akikuta shaka yake imejibiwa kwa heshima, atasoma mpaka mwisho.

Profesa atakupa pointi zako, na ni haki yako. Lakini kopi ya pili inakwenda kwa mtu mwenye muhuri. Kabla ya kuipeleka, msomee mama anayeuza unga sokoni. Akikuuliza, «Sasa mwanangu, unataka wafanye nini?», rudi ukaandike tena ukurasa wa kwanza.